Mbolea ya Samaki kwa Bonde la Mjomba Bakari

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu kama ni mzima. Wewe sina haja ya kukuuliza, maana nakusikia. Uko uani kwa jirani yetu Mama Zuhura, unasukwa nywele za safari, na kila akikuvuta unapiga kelele, halafu mnacheka wote wawili. Mimi nimekaa hapa kibarazani na kalamu. Jua la alasiri limeteremka kutoka kwenye bati mpaka miguuni kwangu, na usingizi unanijia na kuondoka. Ukikuta mahali maneno yanapepesuka, ujue hapo nilikuwa nimesinzia kidogo.

Kesho unapanda gari la Ruangwa kwenda kukaa kwa mjomba wako Bakari. Njia unaijua, na mambo ya kufunga mizigo na kuchemsha maji ya kunywa ulinishinda tangu ukiwa shule ya msingi, kwa hiyo siyaandiki. Naandika kwa sababu ya lile neno uliloniambia juzi tukila. Ulisema, "Baba, ukisema nibaki, nabaki. Mjomba nitamwambia mimi mwenyewe." Nikaendelea kumega ugali kama sijasikia. Nilisikia, mama. Nimekuwa nikilisikia tangu juzi, kazini, njiani, mpaka ndani ya swala, Mungu anisamehe. Jibu langu nataka liwe humu, ila sitalifikia upesi, kwa sababu nilipokaa hapa nilikuwa bado silijui vizuri.

Nianze na kile ulichokicheka asubuhi. Ndiyo, ni mimi niliyekuwekea mbolea kwenye mizigo. Lile dumu la njano ni maji ya samaki, usilifunge sana kifuniko, litavimba na kupasuka garini watu wakuteremshe njiani. Ule mfuko wa sandarusi ni vumbi la dagaa. Na kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa ni unga wa mifupa. Mama Zuhura aliponiona navipanga aliziba pua na khanga yake akasema, "Baba Somoe, wenzio wanawafungia mabinti vyombo na mashuka, wewe unamfungia mwanao uvundo?" Nikamwambia huu ndio urithi wa bwana shamba. Alicheka, lakini kwa kweli sina kingine ninachokijua vizuri kuliko hicho, na nisingependa uondoke bila ya hicho.

Mjomba wako anasema bonde lake limechoka. Umeliona mwenyewe: nyanya zinatoka ndogo kama ndulele, mchicha unakuwa mwekundu kabla ya wakati, bamia zinakomaa zikiwa fupi. Magoti yake nayo yamechoka. Watoto wake wako kwa wajomba zao, kama ilivyo desturi ya huku, na yeye naye anakuita wewe, mtoto wa dada yake, uje ulishike bonde. Kwa watu wa mama yako hilo ni jambo la kawaida kabisa, wala halihitaji kikao. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mjomba ni ya mpwa. Kwetu Ukerewe mtoto ni wa baba, hata akizaliwa mwezini. Mimi nililetwa huku na kazi, nikiwa na sanduku la mbao na vyeti vyangu vya kilimo, nikampenda mwanamke wa Kimwera kabla sijajua hata swali la kuuliza.

Nakumbuka jioni niliyofika Nachingwea. Lori lilitushusha karibu na yale mashamba makubwa ya karanga yaliyoachwa na Wazungu, nyasi zimekua mpaka kifuani, upepo unazilaza na kuziinua. Jua lilikuwa linazama. Nikasimama pale na sanduku langu, na kwa muda nikaamini kabisa kwamba naona ziwa. Nilitaka kumuuliza mtu mitumbwi iko wapi. Mpaka leo nikipita pale jua likiwa chini, macho yananidanganya vilevile, na siyakatazi.

Baadaye nikapelekwa Ruangwa, wakati huo ikiwa bado haijawa wilaya. Nikamwoa mama yako, na kwa desturi ya huku nikahamia kwao. Mama mkwe akatuonyesha kipande cha ardhi juu ya bonde, tukajenga nyumba ya miti na udongo. Basi mimi nikaona sasa nimefika. Nikaamua kupanda michungwa. Ukerewe kila nyumba ina michungwa, mama, na maua yake yakifunguka kisiwa kizima kinanukia, hata mtu aliyeko majini anajua amekaribia nyumbani. Nilitaka harufu hiyo iwe mlangoni kwa mama yako.

Marehemu bibi yangu alikuwa na njia yake ya kupanda mchungwa. Anachimba shimo refu, anatupa humo samaki waliooza, furu na dagaa wasiouzika, anafukia kwa udongo, ndipo anaweka mche juu. Nami nikataka kufanya hivyohivyo. Siku ya soko nikaenda kwa wale wauza samaki waliokuwa wakija kwa baiskeli kutoka Lindi, nikawaomba samaki wao wakavu, zile ng'onda, zilizoharibika kwa mvua. Walinipa bure tenga zima, wakaniangalia kwa huruma wakidhani nina njaa. Nikachimba mashimo alfajiri, kabla jua halijawa kali, nikafukia samaki, nikapanda miche yangu, nikamwagilia, nikakaa chini nikiyaona tayari yale maua meupe.

Unajua mwenyewe kilichofuata, maana mama yako alikuwa akikusimulia badala ya hadithi. Mbuzi. Mbuzi wa bibi yako waliacha majani yote ya dunia wakaja kupiga magoti kwenye michungwa yangu, wanaramba udongo. Ukiwafukuza wanarudi. Watu wakaja kutazama. Mwanamume mgeni anazika kitu alfajiri kwenye ardhi ya wakweze, halafu mbuzi wanakisujudia: wewe ungesemaje? Miche ikaanza kukauka kuanzia ncha za majani, kana kwamba imepitishwa motoni. Nikachovya kidole kwenye udongo, nikaramba. Chumvi tupu.

Mimi ni mtu wa ziwani. Kwetu samaki hukaushwa kwa jua au kwa moshi, hawajui chumvi ya bahari. Nilikuwa nimekula ng'onda miezi mingapi huku, naila kila siku na kuisifu kwa ugali, na haikunijia akilini kwamba ile chumvi iliyo mdomoni mwangu itakuwa chumvi pia kwenye mizizi. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, "Sasa bwana shamba, si ndiyo ile mbolea ya chumvichumvi ya dukani unayotuhubiria?"

Mjomba wako hakucheka. Alikuja jioni, akasimama pembeni ya mche uliokuwa bado na majani mawili matatu. Wakati huo alikuwa kijana, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akaniuliza, "Shemeji, huu nti wa nani?"

Nikamjibu, "Wa kwetu sote."

"Sote nani?" akasema. "Mahindi unavuna yanakwisha. Nti unakaa. Wewe serikali ikikuita kesho unaondoka, nti unabaki unasema hapa pa fulani."

Nilikasirika, Somoe. Nilimwona mtu mwenye roho mbaya. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa ananiuliza swali halali, ambalo mimi nilipaswa kuliuliza kabla ya kushika jembe. Huku kupanda mti wa kudumu ni kusema ardhi hii yangu, na ardhi ile ilikuwa ya dada zake na ya watoto wa dada zake, ambao hawakuwa wamezaliwa. Ilikuwa yako. Michungwa ikafa yote. Majirani wakasema ardhi imenkataa nkwe, na mimi nikaomba uhamisho wa kurudi Nachingwea mjini, tukapata hii kota ya serikali.

Kwa hiyo ukifika bondeni na ukatamani kufukia samaki, fanya, kwa kuwa chini ya migomba na mipapai hakuna kinachomshinda. Ila mloweke kwanza, umwage maji, umloweke tena mpaka ukionja maji hayana ladha. Mfukie kina cha mkono mzima, vinginevyo nguruwe pori watalima shamba usiku mzima kwa ajili yako, na mjomba wako ni mtu wa swala, hatakushukuru. Na hiyo ni mbolea ya polepole. Haionekani ikifanya kazi. Unaweza kusahau kama uliiweka, ukaikumbuka mwaka mwingine ukiona mkungu umeinama mpaka chini. Mimi naiona ni mbolea ya mtu mwenye hakika kwamba hapo alipo atakaa. Wewe unayo hakika hiyo, mimi sikuwa nayo.

Maji ya samaki ni jambo jingine kabisa. Hayo tuliyaanza hapa kota, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako. Tulikuwa na pipa moja kuukuu nyuma ya choo. Mama yako alikuwa akipita jioni kwa wakaangaji sokoni kukusanya utumbo na magamba, samaki wabichi waliofika na lori, ambao hawajatiwa chumvi. Tunatia pipani na maji, na sukari guru au maganda ya mapapai yaliyoiva, tunafunika, tunakoroga kila siku kwa mti. Mwanzoni ule mnuko ungemfufua maiti. Jirani mmoja wa ofisi ya elimu, mtu wa Moshi, alihamisha kitanda chake chumba cha upande wa pili. Halafu taratibu harufu inageuka, inakuwa chachu kama togwa iliyolala, na povu linatulia. Hapo yako tayari.

Uzuri wake ni wepesi. Unachanganya kikombe kwenye ndoo ya maji, unamwagia jioni, na asubuhi ya pili unaona majani yamesimama, kijani kimeingia. Kwa mtu mwenye papara kama mimi ilikuwa raha. Nikazidisha. Kila siku kikombe, mara vikombe viwili, mara nikaacha kuchanganya. Nyanya zangu zikawa msitu. Watu walisimama barabarani kuzisifu, majani mapana, mashina mazito, nami natembea katikati yake mikono nyuma. Mama yako akaja na kikapu cha kuchumia, akapekua huku, akapekua kule, akatoka na nyanya moja. Moja, mama. Akaiweka katikati ya kikapu akakibeba kichwani kwa mbwembwe mpaka jikoni, kama aliyetoka kuvuna ekari.

Nimekuwa nikiiona nyanya ile siku hizi ninapokutazama. Baada ya mama yako kufariki nilikupa kila kitu kwa haraka mno. Hukuwahi kulia nikakuacha ulie. Ukisema unaogopa, nakuja. Ukichelewa kidogo shuleni, nakufuata na baiskeli, wenzio wanakucheka. Nilidhani nakumwagilia. Uliwahi kuniambia kwa hasira, ukiwa kidato cha pili, "Baba, niache kidogo nikosee." Siku ile niliumia sana. Leo nakwambia kwamba ulisema kweli. Huko bondeni mjomba wako hatakufuata na baiskeli. Utakosea, na huenda ukatoa mazao mengi kuliko mimi.

Nimetaja kifo cha mama yako haraka, nikapita. Nirudi kidogo. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza. Homa ilimchukua katika msimu wa korosho, wakati moshi wa kubangua uko kila mahali, na tukampeleka Ruangwa akazikwe kwao. Njia nzima ulilala mapajani kwangu. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, vilima havionekani, mikorosho inatokea mmoja mmoja na kupotea, na mimi nilikuwa nimekaa nikitumaini tusifike kamwe. Bado safari ile haijaisha kwangu. Nikifumba macho nipo ndani ya ukungu ule, uzito wa kichwa chako uko hapa kwenye paja.

Baada ya arobaini mjomba wako akaniita nje. Nilijua anachotaka kusema. Akasema, "Shemeji, ntoto ni wetu. Hilo unalijua."

Nikasema najua.

Akakwangua udongo kwa kidole cha mguu. Halafu akasema, "Nkimchukua leo, wewe utabaki na nani? Kaa naye. Nlee. Akikua atakuja."

Mama, mtu yule alikuwa na haki yote, na bibi yako alikuwa nyuma yake anamsukuma akuchukue. Akakuacha kwangu. Kwa miaka yote hii watu wamekuona wewe ni mtoto wangu, na mimi pia nimejiachia niamini hivyo, lakini nilikuwa nimeazimwa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kuazimwa kitu kikubwa namna hiyo.

Unga wa mifupa ulitoka hapo. Nilikuwa siwezi tena kulisogelea lile pipa, kwa sababu ya mti wa kukorogea alioushika mama yako. Nikawa naokota mifupa na vichwa vya samaki aina ya kolekole kwenye vibanda vya chakula, naichoma kwenye jiko la mkaa mpaka iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole, halafu naitwanga. Kutwanga kunafaa kwa mtu aliyefiwa. Siku moja Mjomba Bakari akaja kutusalimia, amebeba kuku na mbaazi. Akanikuta uani na kinu, mwanamume mzima, jasho linanitoka. Akasimama akanitazama. Nikangoja anicheke au aulize swali jingine la nti wa nani. Akavua shati, akalitundika kwenye kamba, akachukua mchi wa pili uliokuwa wa mama yako.

Tulitwanga mchana kutwa. Mimi napiga, yeye anapiga, kinu kimoja. Wanawake wa kota walipita wakirudi kisimani wakatuona, wakashindwa kujizuia, wakapiga vigelegele vya kutukejeli, na mmoja akatuuliza arusi ni lini. Tukacheka naye. Vumbi jeupe lilitupaka nywele na kope, tukawa vizee viwili kabla ya umri wetu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unahesabu mapigo kwa sauti, unakosea, unaanza upya. Hatukuzungumza lolote la maana siku ile. Alipoondoka alibeba nusu ya unga kwenye kitambaa, na nadhani tangu hapo sikumwogopa tena, ingawa kitu alichokuwa anakingoja kilikuwa kilekile.

Mifupa haina papara. Unaiweka kwenye shimo siku ya kupanda, kiganja kimoja, unachanganya na udongo, basi. Majani hayatajua kama umeweka kitu. Mwezi wa kwanza utaona umedanganywa. Lakini maua yanapofika yanafika mengi na hayapukutiki, na nyanya zinashika, na mwaka unaofuata ardhi ileile bado inakumbuka. Tena haina mnuko, na haina chumvi ikiwa utatumia vichwa vya samaki wabichi. Kwa bonde lililochoka kama lile, anza na hiyo.

Vumbi la dagaa liko katikati ya hayo mawili. Wale kina mama wa dagaa wa sokoni hulifagia chini ya magunia jioni, vichwa, magamba, unga, na mchanga wa pwani mwingi. Lioshe kwa sababu ya chumvi, lichanganye na samadi na majani makavu, lifunike, liache lipate joto lake na kupoa. Kuku watakusumbua. Halifanyi maajabu ya haraka wala halikai miaka, ila udongo wenyewe unabadilika. Ukiushika unavunjikavunjika mkononi, na minyoo inarudi. Mchicha unalipenda. Kwa muda mrefu nilikuwa nalidharau kwa sababu halikuwa na cha kumwonyesha mtu. Siku hizi nikiulizwa na wakulima wa Marambo au Kiegei waanze na lipi, nawaambia wafagie chini ya magunia.

Ukitaka nichague moja katika yote siwezi. Maji ya samaki kwa majani, mifupa kwa matunda, vumbi kwa udongo, na samaki wa kufukia kwa miti. Mtu asikuambie kwamba yote ni samaki tu kwa hiyo ni mamoja. Nimeipoteza michungwa kwa kuamini hivyo.

Nimesinzia tena. Nimeota yale mashamba ya karanga yamejaa maji kwelikweli, maji matulivu, na mama yako anatembea juu yake na kopo lenye matundu, anamwagilia. Nikamwita nikamwuliza anamwagilia nini na maji yapo tele. Alikuwa anasikiliza kitu. Nikaamka, ni wewe unacheka kwa Mama Zuhura.

Nikwambie jambo ambalo hulijui. Baba yako mkubwa kutoka Ukerewe ametuma mtu mwezi uliopita. Anasema, je, nimeoa au nimeolewa? Anasema msichana wa nyumba yetu hawezi kwenda kukaa kwa wakwe wa baba yake kama mtoto asiye na kwao, nikuchukue nikupeleke kisiwani, shamba lipo, ndugu wapo. Na mimi karibu nitastaafu. Kota hii itachukuliwa. Nimelala macho wazi nikipanga: nikisema neno moja tu, Somoe atabaki, tutakwenda zetu Ukerewe, nitazeeka mlangoni kwangu kwenye michungwa, mwanangu yupo. Neno moja, nawe umeniletea mwenyewe mpaka mezani. Naogopa kubaki peke yangu, mwanangu. Naogopa kwamba ukishavuka kwenda kwa watu wako, mimi nitakuwa tu yule bwana shamba wa zamani aliyemwoa marehemu dada yao. Sioni aibu kukuandikia hivyo, na usingelijua usingejua thamani ya jibu langu.

Nimekutazama ukirudi kutoka Ruangwa kila likizo. Unarudi na Kimwera kimekujaa mdomoni, unamwigiza bibi, unatembea kama mama yako, na viatu vyako vina udongo mweusi wa bonde ambao huoshi mpaka shule ifunguliwe. Mara ya mwisho uliniletea udongo huo kwenye kiganja ili niutazame una tatizo gani. Ulisema, "Baba, bonde letu linaumwa." Hukusema bonde la mjomba. Nilikagua ule udongo nikakueleza habari za mbolea, na moyoni nikajua kwamba kile nilichoazimwa umri wake umefika, na kwamba aliyeniazima hajaja kudai hata siku moja.

Basi jibu ni nenda.

Nenda mama, wala usirudi nyuma kwa ajili ya huruma. Baba yako mkubwa nitamjibu mimi, atakasirika na itapita. Huko watu watakuuliza wewe ni wa nani, maana wazee wa kule hawaoni haya kuuliza. Taja ukoo wa mama yako, taja bibi yako, taja mjomba wako, unyamaze. Usiongeze jina langu kwa kunihurumia. Atakayetaka kujua baba yako nani atauliza swali la pili, na asipouliza hujanikosea.

Na mimi nitakuja kukuona. Nitakuja mvua zikikatika, nitasimama pale nje na kubisha hodi. Utanisikia na utaijua sauti yangu, na miguu itataka kukimbia kunifungulia. Tulia kwanza. Hapo ni kwa mjomba wako na ni kwako, na mimi ni mgeni wenu. Mwache mjomba wako aseme karibu, ndipo unipokee mzigo.

Ni mimi baba yako.